Mdogo wangu ni kiziwi na ni mjamzito: atahudumiwaje kliniki bila mimi kuwa mdomo wake?

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Mdogo wangu ana miaka 24 na ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto. Alisoma shule ya viziwi hadi darasa la saba, anajua lugha ya alama vizuri, ila kusoma na kuandika ni kwa shida. Sasa ana ujauzito wa miezi mitano. Kila tukienda kliniki mimi ndiye ninayeulizwa kila kitu, na majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI muuguzi aliniambia mimi, tena mbele ya watu, mdogo wangu akiwa amekaa pembeni. Mama yetu anasema akishajifungua tu afungwe kizazi, maana hataweza kulea mtoto ambaye hamsikii akilia. Mume wake yuko Mtera kwenye uvuvi na hurudi mara chache. Nataka ahudumiwe vizuri, ila sijui haki yake ni ipi, mkalimani tutampata wapi, wala siku ya uchungu itakuwaje.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja na yote yanashikana, kwa hiyo nitayajibu kwa kirefu, nami nakuomba uyasome pamoja na mdogo wako, ukimweleza kwa alama kila sehemu kabla ya kwenda inayofuata, kwa sababu mengi yaliyomo humu ni ya kuamuliwa na yeye.

Nianze na lile ambalo mengine yote yanalitegemea. Anayehudumiwa kliniki ni mdogo wako, na wewe ni msindikizaji wake. Mtu hajapata huduma ya afya kwa sababu tu alipokelewa, akapimwa uzito na kadi yake ikajazwa. Ameipata pale alipoelezwa yeye mwenyewe kilichoonekana mwilini mwake, akauliza asichokielewa, kisha akakubali au akakataa kinachopendekezwa. Kwa maelezo yako, mdogo wako amepata vipimo lakini hajapata maelezo, na kwa mjamzito pengo hilo lina hatari yake ya moja kwa moja. Mama ambaye hajawahi kuelezwa kwamba kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu machoni huweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba atalala akisubiri kipoe, na atakapoamka na degedege muda wa kumsaidia utakuwa umepungua sana. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba watu wenye ulemavu duniani ni takriban bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila watu sita, na kwamba baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Kwa uzoefu wangu wa wodi ya wazazi, sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokana na mambo ya namna unayoyaeleza wewe: jina lililoitwa likapitwa, swali lililoulizwa mtu mwingine, onyo lililotolewa kwa sikio lisilohusika.

Kuhusu majibu ya kipimo, muuguzi yule alikosea mara mbili, kwanza kwa kumwambia asiyepimwa, na pili kwa kusema mbele ya watu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imeyafanya majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI kuwa siri ya aliyepimwa. Inaruhusu majibu kupewa mzazi au mlezi pale aliyepimwa ni mtoto au ni mtu asiyeweza kuyaelewa, na wapo watumishi wanaojificha nyuma ya kifungu hicho wanapohudumia viziwi. Mdogo wako ana akili timamu na ni mtu mzima. Ugumu upo katika njia ya kumfikishia habari, na njia hiyo ni wajibu wa kituo kuitafuta. Kwa hiyo nisingependa wewe umalize jambo hili kwa kumsimulia ulichosikia. Mrudishe kliniki aelezwe upya, faraghani, kwa lugha anayoielewa. Nafasi nyingine ipo pia, kwa kuwa mjamzito asiye na maambukizi hupimwa tena katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na siku hiyo ushauri wa kabla na wa baada ya kipimo unapaswa kuelekezwa kwake tangu mwanzo. Majibu yawe vyovyote yalivyo, anayahitaji yeye: aliye na maambukizi huanzishiwa dawa mapema ili kuilinda afya yake na ya mtoto, na asiye nayo anahitaji kujua namna ya kubaki hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huenda litakuuma kidogo, nawe umelitaja mwenyewe kwa namna nyingine. Dada mwenye mapenzi kama wewe hawezi kuwa mkalimani mzuri wa dada yake kliniki, hata kama anajua alama nyingi. Katika hudhurio la kwanza mkunga hutakiwa kuuliza kama mama amewahi kuharibikiwa na mimba au kuitoa, kama ana uchafu ukeni wenye harufu, kama mwenzi wake humpiga au kumlazimisha, kama anataka ujauzito huu. Nani atajibu hayo kwa ukweli mbele ya dada yake, anayelala nyumba moja na mama yao? Tena ndugu hufupisha. Nimeona mara nyingi muuguzi akieleza kwa dakika tatu nzima jinsi ya kumeza vidonge vya kuongeza damu, kwa nini choo kitabadilika rangi na kwa nini mama asiache dawa kwa sababu hiyo, kisha ndugu anageuka na kufanya alama mbili tu: dawa, meza. Mama huondoka na vidonge, akaona choo cheusi siku ya tatu, akavitupa. Ndugu yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alidhani amemsaidia.

Karatasi na kalamu pia hazitoshi kwake. Kwa viziwi wengi waliokua nchini kwetu Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, yenye sarufi tofauti na lugha ya alama, na wewe umesema kwamba kusoma kwake ni kwa shida. Sentensi kama "umeze mara mbili kwa siku isipokuwa ukitapika" inaweza kumpa maana iliyo kinyume kabisa. Kusoma midomo nako kunategemewa kupita kiasi. Mbele ya kioo, sema neno baba, kisha mama, kisha papa, bila kutoa sauti: midomo hufunguka na kufumba kwa namna ileile. Weka na barakoa juu ya midomo hiyo, na hata kile kidogo kilichokuwa kinaonekana hakipo tena.

Kwa hiyo anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na haki hiyo ina msingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, ambayo inakataza ubaguzi na inawataka watoa huduma, pamoja na wa afya, kuwafikia watu hawa kwa usawa. Kifungu cha 25 cha mkataba kinadai huduma ya ubora uleule wanaopewa wengine, ikiwemo afya ya uzazi, tena kwa ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa, na kifungu cha 9 kinawataja wakalimani wa lugha ya alama miongoni mwa misaada inayotakiwa kuwepo katika majengo yanayotoa huduma kwa umma. Nakwambia haya ili ujue unapoomba mkalimani hauombi fadhila. Hata hivyo, usiende kliniki ukiwa umeishika sheria mkononi kama fimbo. Muuguzi aliye peke yake na akina mama arobaini kwenye benchi atakusikiliza vizuri zaidi ukimwonyesha namna jambo linavyoweza kufanyika kesho yake.

Pa kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu, na pia kwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ambacho kina matawi mikoani. Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, nalo laweza kukuelekeza. Wakikosekana hao, walimu wa shule za viziwi na wakalimani wanaotafsiri ibada kanisani wanafahamika na jamii ya viziwi wenyewe, na mdogo wako huenda anawajua kuliko unavyodhani. Muulize yeye kwanza kabla ya kuzunguka ofisi. Mweleze mkalimani mdogo wako alisoma shule gani. Shule zetu za viziwi zilianza mbalimbali, ya Tabora mwaka 1963 na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na kila mahali alama fulani zilikua kwa namna yake, kwa hiyo mkalimani wa Dar es Salaam na kiziwi aliyesoma kwingine huhitaji saa moja au mbili za kuzoeana kabla ya kukutana mbele ya daktari. Katika saa hizo wakubaliane alama za maneno ambayo huenda hayakufundishwa darasani: njia ya uzazi, kondo la nyuma, chupa kupasuka, sukari kwenye mkojo. Mdogo wako aseme kama anataka mkalimani mwanamke, maana atakuwepo wakati akipimwa akiwa amevua nguo, na mkalimani aahidi mbele yake kwamba atakachokiona na kukisikia hakitatoka nje.

Swali la nani alipe ndilo gumu kuliko yote, nami sitakupa matumaini hewa. Huduma kwa wajawazito katika vituo vya umma haitozwi ada, kwa mujibu wa sera, lakini mkalimani hayumo katika orodha ya vitu ambavyo vituo vingi huvipangia fedha. Ukimwuliza mganga mfawidhi atasema hana fungu, na huenda anasema kweli. Ila tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake hupangwa kituoni hapo pamoja na kamati ya usimamizi, ambayo ndani yake wamo wananchi wa eneo lenu. Mwombe diwani au mjumbe wa kamati hiyo apeleke ombi la nauli na posho ya mkalimani kwa siku za kliniki na siku ya kujifungua, kwa maandishi, nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto. Barua iwe fupi: kiziwi huyo ana ujauzito wa miezi mingapi, anatarajiwa kujifungua lini, anahitaji mkalimani siku zipi, na nani amepatikana. Wakati ombi likizunguka, mkalimani aliye mbali anaweza kutafsiri kwa simu ya picha, alimradi simu isimame mahali ambapo mikono ya wote wawili inaonekana na chumba kina mwanga. Si njia nzuri ya kumfikishia mtu habari nzito, lakini ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na kitu.

Siku ya kliniki yenyewe, omba mambo machache ambayo hayana gharama yoyote. Mwambie anayepanga foleni kwamba mdogo wako hasikii jina likiitwa, amguse bega au amwonyeshe namba kwa vidole. Wengi hukaa hadi saa nane mchana kwa sababu waliitwa saa tatu asubuhi. Kwenye kadi yake, juu kabisa, iandikwe kwa wino mwekundu kwamba ni kiziwi na anatumia lugha ya alama, ili zamu inayofuata isianze upya. Chumbani akae akitazamana na mkunga, mkalimani asimame kando na nyuma kidogo ya mkunga ili macho ya mdogo wako yawaone wote wawili, na mkunga azungumze naye moja kwa moja, "unajisikiaje", asimwambie mkalimani "mwulize anajisikiaje". Wewe kaa nje. Akikuita, ingia.

Kuna jambo moja ninalowafundisha wakunga vijana na ningependa umwombe mkunga wenu alifanye. Anapoweka fetoskopu tumboni kusikiliza mapigo ya mtoto, akina mama wengine huona uso wake ukitabasamu na kumsikia akisema "mtoto mzima huyu". Kiziwi huona mtu aliyeinama, kimya, kisha akaandika namba. Ni rahisi sana mkunga kuushika mkono wa mama kwa mkono wake mwingine na kumgongea kwa kidole kiganjani mapigo yaleyale anayoyasikia, kwa kasi yake ileile, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mama hushtuka kwanza, akidhani ni ugonjwa, kwa sababu moyo wa mtoto huenda mbio karibu mara mbili ya wake. Akishaelezwa kwamba ndivyo inavyotakiwa, hataki mkono uachiwe. Na mwisho wa kila maelezo, mkunga amwombe mdogo wako aeleze upya kwa alama alichoelewa, kwa kuwa kutikisa kichwa hakuthibitishi chochote. Viziwi wengi wamejifunza kutikisa kichwa ili wasionekane wasumbufu.

Dalili za hatari azijue kwa picha na kwa alama, hata usiku wa manane akiwa peke yake: kutokwa damu ukeni, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono ghafla, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza. Hii ya mwisho ataitambua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ni ya kuhisi. Tatizo linakuja pale anapohitaji gari. Mfumo wa m-mama, ambao husafirisha wajawazito na watoto wachanga wanapopata dharura, unaitwa kwa simu ya bure namba 115, nao umewaokoa wengi, lakini kiziwi hawezi kupiga simu ya kuzungumza. Kwa hiyo wekeni watu wawili wanaoishi karibu naye ambao watapiga kwa niaba yake, wewe ukiwa mmoja, na wa pili awe jirani asiyesafiri. Katika simu yake muandike ujumbe mapema, ukiwa na jina lake, kijiji, alama ya karibu na nyumba, na maneno "mimi ni kiziwi, nina ujauzito, nipigie 115", ili abonyeze mara moja uwafikie wote wawili, na auonyeshe pia kwa yeyote atakayekutana naye njiani. Mume wake naye aujue mpango huu, ingawa yuko Mtera.

Kuhusu siku ya uchungu, nenda na mdogo wako kwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi mwezi mmoja au miwili kabla. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Wodi zetu nyingi hukataa kwa sababu chumba ni kimoja na vitanda vimekaribiana, na ninaielewa sababu hiyo, ila kwa mama asiyesikia mtu huyo ni sehemu ya usalama wake na ruhusa yake itafutwe mapema. Mwonyeshwe kitanda, taa, choo na mahali mkalimani atakaposimama. Kubalianeni alama zisizozidi sita, zifanywe kwa mkono mkubwa ulio wazi, ambazo hata muuguzi asiyejua lugha ya alama atazikumbuka: sukuma, acha kusukuma, pumua, maumivu yako wapi, mtoto mzima, subiri. Ile ya kuacha kusukuma ndiyo ya kufanyia mazoezi zaidi. Kichwa cha mtoto kinapotokeza mkunga humtaka mama apumue kwa kuhema ili msamba usichanike vibaya, na maneno hayo hutamkwa haraka, wakati mwingine kwa kupaza sauti, mkunga akiwa ameinama miguuni ambako mama hamwoni uso. Mtu mmoja asimame kichwani pa mama, ndani ya upeo wa macho yake, na kazi yake iwe hiyo tu, kumpa alama. Usiku pawe na taa ya akiba au tochi, kwa sababu umeme ukikatika wengine huendelea kusikizana gizani, naye atakuwa amekatiwa kila kitu.

Na tafadhali lisisitize hili: sindano ya dripu asichomwe kwenye mkono anaoutumia zaidi kuzungumza. Kama ni wa kulia, ichomwe kushoto, na isiwekwe kwenye kifundo wala kiganjani, ambako kila alama inavuta mrija. Muuguzi huchagua mshipa unaoonekana upesi, hana nia ya kumnyamazisha mtu, lakini mkono uliofungwa plasta na kibao ni sawa na mdomo uliozibwa. Ikiwa itabidi apasuliwe, mambo huwa mazito zaidi: mikono yote miwili hulazwa kwenye vibao, pazia huwekwa mbele ya kifua, na kila aliyemo chumbani amevaa barakoa. Mtaalamu wa ganzi ajue tangu kabla kwamba ganzi ya uti wa mgongo inamwacha mama akiwa macho, kwa hiyo mkalimani avae nguo za chumba cha upasuaji aketi karibu na kichwa chake, na mkono mmoja uachwe huru kwa kadiri usalama unavyoruhusu. Maelezo ya sababu ya upasuaji na hatari zake yatolewe kabla ya kuingia, na fomu ya ridhaa aisaini yeye mwenyewe baada ya kutafsiriwa yote. Usiisaini wewe. Wala mama yenu asiisaini.

Hapo ndipo linapokuja suala la kufunga kizazi. Kufunga kizazi ni njia ya kudumu, na anayeweza kuikubali ni mwenye kizazi peke yake. Mkataba niliokwisha kuutaja, katika kifungu cha 23, unalinda haki ya watu wenye ulemavu kuanzisha familia, kuamua idadi ya watoto na kubaki na uwezo wao wa kuzaa kama watu wengine. Daktari atakayemfunga mdogo wako kwa maagizo ya mama yake, au kwa saini iliyochukuliwa kwa mdogo wako akiwa na uchungu bila kuelewa alichosaini, atakuwa amefanya kosa kubwa, na nawaomba wenzangu wa taaluma hii tusikubali kuombwa jambo hilo hata na mzazi mwenye machozi. Vivyo hivyo sindano ya miezi mitatu au kijiti: mdogo wako huenda akavitaka, na ni haki yake kuvipata, lakini aelezwe njia zote kabla ya kujifungua, akiwa ametulia, ikiwemo kuelezwa kwamba sindano huweza kuvuruga hedhi na kwamba kijiti huondolewa wakati wowote akitaka. Yakiandikwa kwenye kadi yale aliyoyaamua, hakuna atakayemwamulia wodini.

Mama yenu msimjibu kwa ukali. Anaogopa, na hofu yake imetokana na miaka aliyomwangalia mtoto wake akipitwa na mambo. Mwambieni kwanza kwamba uziwi wa mdogo wako ulitokana na homa ya uti wa mgongo, nao haurithiwi. Kisha waombeni CHAVITA wawaunganishe na mwanamke kiziwi aliyelea watoto wake, aje nyumbani akae na mama siku nzima; maneno yangu na yako hayatafanya kazi ambayo ugeni huo utaifanya. Mama huyo atamweleza jinsi wanavyofanya: mtoto hulala ubavuni mwa mama ndani ya chandarua, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi karibu na uso wake, taa ndogo huachwa ikiwaka, mkono wa mama hukaa kifuani au mguuni pa mtoto, na mtoto anapoanza kujinyonganyonga mama huamka kabla kilio hakijakomaa. Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku, kwa hiyo simu iliyowekwa mtikisiko kila baada ya saa mbili au tatu chini ya godoro humwamsha mama hata akiwa amechoka sana. Asimlaze mtoto naye siku amekunywa pombe au dawa za usingizi, kama ambavyo mama yeyote hapaswi.

Kwa yule muuguzi aliyekutangazia majibu, mwone kwanza mganga mfawidhi, kwa utulivu, mdogo wako akiwepo na akikubali lisemwe, maana siri ni yake. Lisiposhughulikiwa, Mganga Mkuu wa Wilaya anafuata, kisha Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania ambalo husimamia maadili yao, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya aina hii. Mara nyingi haifiki huko. Muuguzi akionyeshwa alichokosea na akapewa namna ya kufanya, hubadilika, na baadhi yao ndio walioniomba wafundishwe alama.

Mkimpata mkalimani, mpangeni siku zote kwa pamoja, si ya kliniki na ya uchungu pekee. Baada ya kujifungua yeye na mtoto watatakiwa kuonwa ndani ya saa 48, kisha siku ya saba, ya 28 na ya 42, na hayo ndiyo mahudhurio yanayoachwa zaidi, kwa kuwa familia hudhani kazi imekwisha. Katika wiki hizo ndipo huonekana homa ya uzazi, chuchu zilizopasuka, kitovu kilichooza na mtoto aliyegeuka rangi ya manjano, na ndipo pia mama huulizwa anaendeleaje moyoni, swali ambalo mdogo wako atalijibu vizuri akiulizwa kwa mikono.